Meza ya Mtu Mmoja

Jumanne, 24 Februari 1959

Leo nimesimulia tena safari yangu pale dikoni, samaki wanaposhushwa. Nimeanzia Madras, maana jana walinikatiza nikiwa bado Bombay. Nimewaeleza barabara nyekundu, jua kali, mimi juu ya baiskeli tangu asubuhi, tandiko limenichubua, jioni naingia mji nisioujua na kula wali juu ya jani la mgomba katika hoteli yenye feni darini. Hakuna aliyenikatiza. Nikadhani nimewashika. Ndipo Mmanga, huyu anayechukua samaki kwa baiskeli kutoka hapa Tumbe hadi Wete, akauliza nilikuwa nimepakia matenga mangapi.

Nikasema sikupakia kitu. Nilikuwa natembea tu.

Wakatazamana. Mmanga akasema taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa, kwamba hajapata kusikia ntu kupiga baiskeli tupu mwendo wote ule. Mwengine akasema labda huko hakuna samaki. Wakanionea huruma! Mimi, niliyepita msitu wa chui karibu na Penang!

Nimerudi nyumbani nikala wali na changu, ndani, mlango nimefunga. Nyumba hii ya marehemu mama zamani ilikuwa haikosi watu. Ukitoka mlangoni unakanyaga makubadhi ya wageni. Tangu nirudi kutoka Asia hakuna aliyeketi barazani pangu ila paka, naye ni wa jirani. Upweke huu siupendi hata kidogo. Naandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Kisha, nikiwa nasuuza sahani, wazo likaja. Watu hawanijii kwa sababu sina cha kuwavutia. Nitafungua hoteli. Si mgahawa kama wa Soud kule dikoni, chai na mandazi na nzi. Hoteli ya kimataifa, ya kwanza Pemba nzima. Watajaa.

Alhamisi, 26 Februari

Meza nne zimekwisha. Nimezigongomea mwenyewe kwa makasha ya chai. Ndogo, za mtu mmoja mmoja, ndivyo inavyotakiwa. Katika hoteli za Asia mtu ana meza yake, sahani yake na shughuli zake. Huulizwi umetoka wapi, mama hajambo, mbona umekonda. Unakula, unalipa, unapanda baiskeli. Ustaarabu mtupu.

Nimechonga vijiti vya kulia vya Kichina. Nimeandika kibao kwa rangi nyekundu: HOTELI YA ASIA. LIPA KWANZA.

Bi Mwatum, jirani yangu, amekuja kutazama. Yeye alikuwa shoga wa marehemu mama, na kila jioni hunipitishia bakuli la kitoweo juu ya ua. Aliziangalia meza akauliza ni za watoto gani. Nikamfahamisha. Akasema ntu hali pekee yake, Himid mwanangu, ila awe mgonjwa au ana ugomvi na wenziwe. Kisha akauliza kwa nini mimi hufunga mlango nikila, maana ntu akifunga mlango hapigiwi hodi. Nikamwambia ni kwa ajili ya nzi.

Soud naye amepita. Akauliza nitapika nini. Tambi kwa ngisi na pilipili, nikasema, mapishi ya Penang. Akashika kiuno. Anasema tambi ni za sukari na iliki, hupikwa Idi, na tangu azaliwe hajaona tambi na ngisi katika chungu kimoja. Wivu huo.

Jumamosi, 28 Februari

Ufunguzi. Nimeamka na mapema kukaanga ngisi. Nimetia kitunguu, pilipili, ndimu na sukari ya kuunguza, kama alivyofanya Mchina wa Penang, ila yeye alikuwa na chupa nyeusi ambayo Konde madukani hawaijui. Meza nne ukumbini, kila moja na kiti chake. Mimi suruali na tai. Mlango wazi.

Hakuja mtu.

Sikusema kweli. Alikuja Mzee Nyange, mjomba wake marehemu mama, akaketi barazani. Nikamwomba aingie ndani. Akauliza watakula wangapi. Nikasema yeye tu. Akasema basi atawangoja wenziwe. Akawangoja mpaka adhuhuri. Vijiti amevipenda. Alijikunia mgongo, na kimoja ameondoka nacho.

Alasiri chakula kimepoa. Nikakaa meza ya kwanza nikala sahani moja. Halafu nikahamia ya pili, kuijaribu kama imesimama sawa. Ya tatu inayumba. Ya nne sikuimaliza. Aliyepita nje na kusikia viti vikisogezwa huenda alidhani hoteli imejaa.

Nilibakisha tambi nyingi, nikamrudishia Bi Mwatum bakuli lake likiwa limejaa. Chombo cha watu hakirudi kitupu.

Jumapili, 1 Machi

Bakuli limerudi asubuhi. Tambi zangu zile zile, zimeoshwa, zimetiwa sukari na iliki. Nimezila.

Kosa nimeliona. Meza zimefichika. Calcutta wapishi huweka meza njiani kabisa, ukipita na baiskeli yako harufu inakushika tairi. Nimezihamishia zote barazani.

Na mteja amepatikana! Mmanga, anarudi kutoka Wete, matenga matupu, njaa inamuuma. Akalipa kwanza kama kibao kinavyosema. Akanawa. Akashika vijiti, akavilaza kwa heshima kando ya sahani, akatia mkono. Mpaka hapo mambo safi.

Akapita mtu njiani. Mmanga akasema karibu.

Hili nililisahau. Mtu wa hapa akila mbele ya njia hawezi kumwacha apite hivi hivi, atamkaribisha hata kama amebakiwa na tonge moja. Na mpita njia mwenye adabu husema starehe, akaenda zake. Lakini Mmanga hakubali starehe. Alimshika yule mkono akamketisha. Akapita wa pili, wa tatu, wa nne. Mzee Nyange, aliyekuwa amerudi kuendelea kungoja, akasema alhamdulillahi, wenziwe wamefika. Wakaziunganisha meza zangu zote nne. Wakauliza sinia liko wapi. Nikajikuta napanda kiti, nateremsha lile sinia la marehemu mama juu ya kabati, napangusa vumbi, namwaga sufuria zima.

Wakala. Wakasema ni chakula cha ajabu na kibaya. Wakamaliza.

Walikaa mpaka ikaadhiniwa alasiri. Waliuliza habari za Penang wenyewe, sikuwalazimisha. Walitaka kujua kama nilikula nguruwe. Nikaapa, samaki tu. Nikawaeleza mvua iliyonikuta njiani kwenda Singapore, nikalala nimejikunyata chini ya baiskeli. Mmanga akasema ningekuwa na tenga ningelala ndani yake. Wakacheka, nami nikacheka mpaka machozi.

Lakini hoteli je? Alilipa mmoja, imekula baraza nzima. Biashara gani hiyo? Nalala nimeudhika.

Jumanne, 3 Machi

Imezidi. Leo Mmanga alikaribisha, na aliowakaribisha wakakaribisha. Mmoja akaleta changu wa kuchoma, mwengine muhogo. Bi Mwatum akapitisha mchuzi wa pweza juu ya ua, bakuli kubwa safari hii. Sijapata kuona sinia lile limejaa hivyo tangu nilipoondoka. Hoteli ambayo wateja wanakuja na chakula chao!

Hata Soud amekuja, akala, akajilamba vidole. Akasema chakula changu hakifai ila baraza yangu nzuri, ina upepo. Nimemjua. Anataka kuniua kwa kunijazia watu wasiolipa.

Mzee Nyange akasema leo ni kama siku za mama yako. Nikaenda jikoni nikasingizia moshi.

Nimekaa nikafikiri. Tatizo si Mmanga, tatizo ni njia. Asingeona watu asingekaribisha. Rangoon niliwahi kula katika hoteli yenye viambaza baina ya meza. Muda wote nilioukaa pale sikuona uso wa mtu, nikiona mkono tu unaleta bakuli na mkono unaondoa bakuli. Nilipoondoka hakuna aliyejua nimeondoka. Ile ndiyo hoteli.

Alhamisi, 5 Machi

Nasuka viambaza vya makuti. Vinne, kila meza na chake, kimeizunguka pande zote na kuacha upenyo wa kupitisha sahani. Mikono imechanika.

Bi Mwatum alipoona nazungusha makuti barazani alikuja mbio, kanga kichwani, akauliza ni nani wa kuoshwa. Nikamwambia hakufa mtu, ni mahali pa kulia chakula. Akasema hata maiti wa kuoshwa angekuwa na wenziwe wengi zaidi. Sijui alikusudia nini. Bakuli la jioni limekuja kama kawaida.

Watu wamepita leo wakauliza kama kuna chakula. Nikawaambia hoteli imefungwa kwa matengenezo. Mzee Nyange alikaa chini njiani, upande wa pili, akatazama ninavyosuka. Nilikuwa karibu kumwita aje anishikie ukuti. Nikaona mwenye hoteli haombi msaada wa wateja.

Jumamosi, 7 Machi

Siku mbaya.

Mmanga aliingia ndani ya kiambaza baada ya kubembelezwa sana. Nikampa sahani kupitia upenyo, mkono tu, kama Rangoon. Akauliza ni mimi? Sikujibu. Mhudumu wa Rangoon hajibu.

Kimya kizuri. Nikamsikia anatafuna, kisha anaacha kutafuna. Akakohoa, ili asikike yupo. Halafu zikasikika hatua njiani, na mle mle ndani, haoni kitu, akapaza sauti akasema karibu.

Hatua zikageuka, zikapanda barazani. Alikuwa ni ng'ombe wa Soud, yule mweusi anayekata kamba. Akatia kichwa ndani ya kiambaza akaanza kula makuti. Mmanga alitoka na meza shingoni. Dikoni wamecheka mpaka mtu mmoja akaanguka ndani ya ngalawa.

Mmanga alikuja baadaye kuniomba radhi, sijui radhi ya nini. Alisema mle ndani alijihisi kama mwizi anayekula alichokiiba, na tonge halikupita. Akasema tukae kama juzi, bwana. Nikamwonyesha kibao kipya nilichoandika: MTEJA ASIKARIBISHE. Akakisoma mara mbili. Akapanda baiskeli yake.

Jumapili, 8 Machi

Hakuja mtu. Wote wako kwa Soud. Nasikia vikombe mpaka huku.

Bi Mwatum akauliza, alipokuwa ananipa bakuli, hoteli nitaifanya nini wiki hii mwezi ukiandama. Mwezi gani? Akanitazama. Ramadhani, mwanangu.

Ramadhani! Nimeisahau kabisa! Kalenda yangu nimeinunua Penang, ina picha ya mwanamke na mwavuli na haina Shaabani. Nimefungua hoteli ya mchana karibu na mwezi wa kufunga mchana. Nimekaa juu ya kitanda nikitazama mwanamke yule na mwavuli wake. Hana habari.

Si neno. Kesho watu wanavunja jungu, siku ya kula na kufurahi kabla ya mfungo. Nitapika tambi za kutosha mji mzima. Watatoka kwa Soud wenyewe.

Jumatatu, 9 Machi

Nimepika tangu alfajiri. Nimemaliza tambi zote za duka la Konde.

Walianza kupita saa tatu, wanaelekea pwani na masufuria, watoto mbele, mikeka vichwani. Kila aliyepita alinikaribisha. Mzee Nyange alisema karibu, mwanangu, lete na hizo tambi zako tuzitie sukari. Soud mwenyewe alisema karibu. Mmanga alishusha mguu mmoja chini akasema keria ya nyuma ina nafasi, nipande. Nikamshukuru kila mmoja. Nikasema starehe, nina hoteli ya kuangalia.

Wakaenda. Mji wote ukawa wangu.

Kutoka pwani kicheko kinasikika vizuri upepo ukigeuka. Niliingia ndani ya kiambaza nikajipitishia sahani. Nikakumbuka Idi niliyokula Singapore. Hoteli kubwa, taa nyingi, meza ya mtu mmoja, na ukuta mbele yangu ni kioo kitupu. Nikainua kijiti, na yule wa kioo akainua. Nikasema karibu, kimoyomoyo. Na yeye akasema karibu. Hakuna aliyekwenda kwa mwenziwe. Siku ile ndipo nilipoamua kurudi Pemba, na sasa najiuliza nimerudi kwa nani.

Nililia kidogo. Ni pilipili pia.

Jumatano, 11 Machi

Mwezi umeandama jana. Leo ya kwanza.

Nilikuwa sijui kama wangekuja. Zamani mtaa wetu ulikuwa ukifuturu baraza hii hii, kila nyumba inatoa chombo chake, mkeka mmoja. Nilipokuwa Asia walikuwa wanahama baraza hii na ile, kwa kuwa mama hayupo. Karibu na magharibi nikachungulia dirishani, nikawaona wanakuja. Vyombo vimefunikwa kawa. Uji, mbaazi, muhogo wa nazi, samaki. Bi Mwatum nyuma na birika. Moyo ulinienda mbio kama ninateremka mlima bila breki.

Wakasimama mbele ya viambaza. Mzee Nyange akauliza, kwa upole, kama tuvitoe hivi ili tutandike.

Ilitakiwa niseme ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni. Nikasema meza ni nne, waingie wanne wanne kwa zamu, kila mtu na futari yake.

Mzee Nyange akainama akachungulia ndani. Akauliza, akiwa mle, atamkaribisha nani. Nikamwambia uzuri wa mle ndio huo, hamkaribishi mtu. Akasema haya, mwanangu. Muadhini alikuwa anakaribia kupanda. Wakachukua vyombo vyao wakaenda baraza ya Soud.

Mmanga alibaki nyuma. Akasema watanishikia nafasi mkekani, pale karibu naye. Ni hatua chache tu kutoka mlango wangu. Miguu ilitaka kwenda, hili nalikiri. Lakini hoteli haiachwi haina mwenyewe, mteja anaweza kutokea.

Bi Mwatum aliacha bakuli kizingitini. Nimefuturu mlango umefungwa.

Alhamisi, 12 Machi

Nimefikiri mchana kutwa na tumbo tupu, na tumbo tupu lina akili. Nimejua kilichoharibu. Si tambi. Si Ramadhani. Viambaza ni vifupi! Sauti zinapita juu, hatua zinasikika, na mtu akisikia hatua hana budi kukaribisha. Rangoon vilikuwa virefu mpaka darini. Nimewafahamu watu wetu sasa: wanataka faragha kamili, ila wanaona haya kusema.

Leo Mmanga alipita kabla ya magharibi. Akasema nafasi yangu ya jana ilikaa tupu mkekani na hakuna aliyeikalia. Nikamwambia nitakuja kazi ikiisha.

Adhana ilipotoka nilikuwa ndani ya kiambaza cha meza ya pili, ile isiyoyumba. Nikafungua kwa tende. Kutoka kwa Soud nikawasikia wanamkaribisha kila anayepita, karibu, bismillahi, sogea, sogea. Nikashika sahani yangu.

Zikaja hatua njiani. Zikapunguza mwendo mbele ya nyumba yangu. Nami mdomo wangu, bila ruhusa yangu, na kibao nilichokiandika kwa mkono wangu kiko juu ya kichwa changu, ukasema karibu.

Hatua zikapanda barazani. Makuti yakasukumwa. Ng'ombe wa Soud.

Nilisogeza kiti nikampisha. Amekula tambi, ameacha ngisi, hakuomba sukari. Nimemsimulia safari ya Penang hadi Singapore tangu mwanzo, na hakunikatiza hata mara moja, wala hakuuliza matenga. Tumekaa mpaka watu wakaenda tarawehe. Ni jioni nzuri kuliko zote tangu nifungue hoteli.

Kesho, inshallah, nitavirefusha viambaza mpaka darini na kutia mlango wenye komeo, ng'ombe yule asiweze kuingia tena.